Bastola Mbili Zilizofanana

Watu wakisikia kwamba nilitunza ghala la silaha kwa miaka mingi, huwa wanadhani nilikuwa mpiga shabaha hodari. Vijana, nisiwadanganye. Siku ya shabaha nilikuwa nashika nafasi ya tatu kutoka mwisho, na wale wawili waliobaki nyuma yangu, mmoja alikuwa na mtoto wa jicho. Kazi yangu haikuwa kupiga. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha bastola inatoka dirishani kwangu, inakaa kiunoni mwa mlinzi kutwa nzima, na inarudi bila kulia. Kwa kazi hiyo nilikuwa mzuri, na nasema hivyo bila haya. Ililia mara moja tu. Hiyo mara moja ndiyo nataka kuwaeleza ninyi mnaoanza kazi ya ulinzi, lakini kwanza mjue nilifikaje pale.

Naitwa Merina, Mgogo wa Mvumi. Nilikuwa mtunza stoo ya vipuri kwenye shirika la umma hapa Dodoma. Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa milango, mashirika yakaanza kupunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Ila ruksa hiyohiyo iliyonitoa kazini ndiyo iliyonirudisha. Maduka yalikuwa yanafunguliwa, benki za watu binafsi zinaingia, wafanyabiashara wananunua magari, na kila mwenye mali alitaka mlinzi. Kabla ya hapo mlinzi tuliyemjua ni mzee mwenye koti refu, kirungu na tochi isiyowaka. Sasa wakaja watu wakaanzisha kampuni ya ulinzi, wakapanga nyumba Makole yenye uwanja mpana, wakaagiza bastola kwa kibali, na wakahitaji mtu wa kuzitunza. Mimi nilijua kutunza stoo na nilishapitia jeshini kwa mujibu wa sheria. Wakanichukua.

Aliyenifundisha alikuwa sajini mstaafu, mtu wa Kibakwe kule milimani, tukimwita Afande Ndahani. Mtu mfupi, mpole, anayetafuna karanga moja moja kama dawa. Siku ya kwanza alinikuta mlangoni, akanionyesha bastola iliyolala mezani.

"Ina kitu au haina?"

"Haina, afande."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu umeiacha mezani."

Akatafuna karanga. "Toka nje, uingie tena."

Nikatoka, nikaingia. Akaniuliza lilelile. Nikasema sijui. Akasema hilo ni jibu zuri kidogo, lakini nitoke tena. Mara ya nne ndipo nilipoelewa kwamba hataki maneno. Nikaishika ile bastola nikiielekeza kwenye ukuta wa mawe, kidole changu kikiwa nje ya triga, na hapo ndipo alipoanza kunifundisha.

Utaratibu wake ulikuwa huu, na haujabadilika mpaka leo. Kwanza mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitaumiza mtu. Kidole kinyooke juu ya ubavu wa bastola, mbali na triga. Kisha unatoa magazini, lile kasha jembamba linalobeba risasi ndani ya mpini. Halafu unavuta nyuma chuma cha juu, sisi tulikiita slaidi, ili kama kuna risasi imekaa ndani ya chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu, iruke nje. Unaizuia slaidi ikae wazi. Unaangalia ndani ya chemba. Ukishaangalia, unaingiza kidole kidogo upapase, maana jicho linaona kile linachokitarajia. Ndipo unaweza kusema haina kitu.

Sikilizeni mpangilio huo. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine palepale. Nimeona watu wazima, wenye vyeo, wakifanya hivyo na kutabasamu.

Afande alinifundisha pia kutoamini sefti kupita kiasi. Sefti ni ule ulimi mdogo wa pembeni, ukiusogeza unafunga bastola isifyatuke. Ni kitu kizuri, kitumieni kila siku. Ila ni chuma kidogo chenye springi ndogo, na vumbi la Dodoma mnalijua. Walinzi wetu walipenda kumiminia mafuta ya cherehani wakidhani wanaitunza bastola, na vumbi likija linanata, linakuwa uji. Ulimi unasogea nusu, unasikia umekaa, kumbe haujafika. Mafuta ni tone, kisha unafuta mpaka kitambaa kitoke kikavu.

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari pale Makole alikuwa na bastola yake mwenyewe, ana leseni, akaileta kwangu nimsafishie. Akaingia akiwa ameishika mkononi, mtutu umeelekea tumboni kwangu, anaongea kwa furaha habari za mvua. Nikasogea kando hatua mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mbona unakimbia?"

"Sikimbii. Ielekeze ukutani kwanza, halafu tusalimiane vizuri."

"Usiogope, sefti nimefunga."

Nilipoipokea na kuifungua, risasi iliruka kutoka kwenye chemba ikabingirika mpaka chini ya kabati. Sefti yake ilikuwa imesimama katikati, haijafunga wala haijafungua. Yule mzee alikaa kwenye benchi akaomba maji. Alikunywa vikombe viwili.

Basi, baada ya mwaka hivi Afande Ndahani alirudi Kibakwe kulima, na mafunzo ya walinzi wapya yakaniangukia mimi. Nilikuwa na raha na kazi hiyo. Walinzi wengi walikuwa vijana wa vijijini, Kiswahili chao kimechanganyika na Kigogo, hawajawahi kushika bastola, na mtu asiyejua kitu ni rahisi kumfundisha kuliko mjuaji. Mmoja wao alikuwa Stefano, kijana wa Bahi. Mwaka wa mvua nyingi alikuwa akivua kambale kule bwawani, na mikono yake ilikuwa myepesi kupita kawaida. Siku moja bastola ilimponyoka ikawa inaanguka, akainyaka hewani kama samaki, kidole karibu na triga. Wenzake wakampigia makofi. Mimi nilimzungusha uwanja mara sita. Bastola ikianguka, iache ianguke. Nyingi zimetengenezwa zisifyatuke zikigonga chini. Inayofyatuka ni ile unayoidaka vibaya. Stefano alielewa, akawa mlinzi makini kabisa. Nasisitiza neno hilo, makini, mtaona kwa nini.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Bastola zetu za kwanza zilikuwa na tabia moja: ukitoa magazini, hata ukivuta triga, nyundo haishuki. Haifyatuki. Niliigundua tabia hiyo mwenyewe nikisafisha, nikaipenda. Asubuhi zamu zikibadilishana, foleni dirishani kwangu ilikuwa ndefu, magari ya kuwapeleka malindoni yanaunguruma nje, meneja anaangalia saa. Kuvuta slaidi, kuangalia, kupapasa, mtu mmoja baada ya mwingine, kulinichosha. Nikabuni njia ya mkato. Nikawafundisha walinzi: anayetoka zamu atoe magazini, afungue sefti, aelekeze chini, avute triga mbele ya anayeingia. Isipolia, wote wawili wameona imekufa. "Magazini ikitoka, bastola imekufa." Hayo ni maneno yangu mwenyewe. Niliwaimbisha kama wimbo wa kwaya. Chemba nitaiangalia mimi baadaye, nilijiambia, nikiwa na nafasi.

Na kwa kweli haikulia. Miezi ikapita, ikawa mwaka na zaidi. Meneja akanisifu mbele ya wateja kwamba ghala la Mama Merina linakwenda kama saa.

Kisha kampuni ikapata wateja wapya na kuagiza bastola nyingine nane. Zilikuwa za nchi nyingine lakini zilifanana na zile za kwanza kama mapacha. Rangi nyeusi ileile, sefti upande uleule, uzito karibu uleule. Nilizipokea, nikazihesabu, nikazifuta mafuta ya kiwandani, nikazipanga kwenye rafu. Kwenye boksi kulikuwa na kijitabu cha lugha nisiyoijua. Nikakitia kwenye droo.

Siku ya nne asubuhi, Stefano alirudi kutoka lindo la benki. Aliyekuwa anampokea ni Hamisi, mtu wa Kondoa, mlinzi wa siku nyingi, baba wa watoto watatu, mtani wangu mkubwa. Nilikuwa ndani ya ghala, nyuma ya dirisha la nondo, nawaona wote wawili. Stefano alikuwa na moja ya zile mpya, iliyotoka kwenye rafu kwa mara ya kwanza jioni iliyotangulia. Akatoa magazini akaiweka dirishani. Akafungua sefti. Akaelekeza chini.

"Magazini imetoka," akasema, kama nilivyomfundisha.

"Nimeona," Hamisi akajibu, kama nilivyomfundisha.

Akavuta triga.

Mlio ndani ya korido ni kitu kingine. Sikusikia chochote baadaye kwa muda, niliona tu vumbi la saruji likipanda na Hamisi akiwa amekaa chini, anautazama mguu wake kwa mshangao. Risasi ilikuwa imegonga sakafu, ikaruka, ikamwingia chini ya goti. Stefano alikuwa bado ameishika bastola, anatazama magazini iliyokuwa dirishani, kisha bastola, kisha magazini. Nilitoka, nikaichukua mkononi mwake, nikaiweka chini. Nikavua kitenge nilichojifunga nikaukaza mguu wa Hamisi juu ya jeraha.

"Mama," Hamisi akaniuliza, sauti yake ya kawaida kabisa, "si ulisema imekufa?"

Nikaendelea kukaza.

Gari la kampuni lilimpeleka hospitali. Mfupa ulikuwa umevunjika, lakini daktari alisema mguu haukatwi. Polisi walikuja, wakaichukua ile bastola, wakasema watarudi baada ya siku tatu kuchukua maelezo yetu ya maandishi. Stefano wakaondoka naye kumhoji, wakamwachia jioni kwa dhamana.

Kesho yake meneja aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu, kwa sababu wateja walishaanza kuuliza.

"Mama Merina, jambo hili tulimalize vizuri," akasema. "Wewe andika kwamba yule kijana alikiuka mafunzo. Uzembe wa mtu mmoja. Tutamwachisha, wateja watatulia, na wewe kazi yako iko palepale."

"Na akishtakiwa?"

"Mahakama itaona ni bahati mbaya."

Nikamwomba siku mbili. Sitawaficha, wanangu: usiku ule niliyapima maneno yake na yalikuwa matamu. Nilikuwa na umri wa kutopata kazi nyingine kirahisi, na nilishaonja kupunguzwa mara moja. Lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba sikuelewa kilichotokea. Bastola mbili zinazofanana, moja inakufa magazini ikitoka, nyingine inaua. Kwa nini?

Nikapanda basi la Mpwapwa, na kutoka pale lori la mizigo mpaka Kibakwe. Nilimkuta Afande Ndahani kwenye shamba lake la vitunguu, suruali ameikunja magotini. Nikamwamkia, akaninawisha mikono, tukakaa juu ya tuta. Nikamweleza kila kitu, pamoja na njia yangu ya mkato na ule wimbo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alichukua kijiti akachora kwenye udongo laini.

"Zile za kwanza zina kichuma kidogo ndani ya mpini," akasema. "Magazini ikiwa imo, inakisukuma, triga inaunganika na nyundo. Ikitoka, kichuma kinaachia, triga inavutwa bure. Aliyezitengeneza alijua watu watasahau risasi kwenye chemba, akawawekea hicho kama msaada."

"Na hizi mpya?"

"Kiwanda chao hakikuweka. Viwanda vingine havitaki. Wanasema mlinzi akiwa anabadilisha magazini na adui yuko mbele yake, ile risasi moja ya chemba inaweza kumwokoa."

Nikatazama mchoro wake. Kichuma hicho alikichora kidogo kama mbegu ya ulezi.

"Hukuniambia habari za kichuma," nikasema.

Mkewe alikuwa anatuita tukale, Afande hakuitika.

"Sikukuambia," akasema. "Nilikuambia uangalie chemba, nikaona inatosha. Nilidhani ukijua hicho kichuma utakitegemea. Kumbe ulikigundua mwenyewe, na ukakitegemea bila kukijua. Hapo nilikosea, Merina. Andika na jina langu."

"Siwezi kuandika jina lako, afande. Wewe ulinifundisha kuangalia."

"Basi nitakuja mwenyewe."

Na alikuja. Kesho yake tuliteremka pamoja, yeye na kigunia cha vitunguu cha kumpelekea Hamisi. Polisi waliporudi, maelezo yangu yalikuwa tayari. Niliandika kurasa mbili, lakini sentensi mbili ndizo nazikumbuka neno kwa neno: Stefano alifuata mafunzo yake yote. Mafunzo ndiyo yaliyokuwa na kasoro, na aliyeyatoa ni mimi.

Meneja alizisoma akiwa amesimama. Akaziweka mezani, akaenda dirishani.

"Unajua unachofanya?"

"Najua. Nikiandika vile unavyotaka, tutamwachisha Stefano. Wenzake zaidi ya thelathini wenye mafunzo yaleyale watabaki, na zile bastola saba bado ziko kwenye rafu."

Afande Ndahani, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, akaongeza kwa upole, "Na kesho asubuhi wanabadilishana zamu."

Hilo ndilo lililomwingia meneja. Alipiga simu mwenyewe, bastola zote zikakusanywa siku ileile, na kwa wiki mbili walinzi wetu walirudi kwenye virungu. Wateja wawili walituacha. Mimi nilipewa barua ya onyo kali na kuondolewa kwenye ualimu mpaka Afande, ambaye meneja alimwomba abaki kwa muda kufundisha, atakapojiridhisha kwamba naufaa. Polisi walilisikiliza jambo lote, na Stefano hakushtakiwa. Meneja hakumfukuza, lakini yeye mwenyewe aliomba lindo la geti la ghala la mahindi, lisilo na silaha. Nilimfuata mara mbili kumbembeleza arudi.

"Mama, sina kinyongo na wewe," aliniambia mara ya pili. "Ila mkono huu haushiki tena."

Hakushika tena. Alimaliza miaka yake yote ya kazi pale getini, na hapana kitu kilichowahi kuibiwa.

Tuliyoyafanya wiki hizo mbili ndiyo mnayoyaona kila ghala la silaha lenye akili. Tulikata pipa, tukalijaza mchanga wa korongoni, tukalisimamisha mlangoni kwenye kona, na kila bastola ilifunguliwa mtutu ukiwa ndani ya pipa. Mchanga unameza risasi, saruji inairudisha. Tulipiga marufuku kuvuta triga kama njia ya kupima. Hakuna bastola inayopimwa kwa kuitaka ilie. Tulizigawa zile za aina mbili, tukazifunga uzi wa rangi tofauti mpinini, na mlinzi hakuruhusiwa kupokea aina ambayo hajaifungua na kuifunga mbele yetu, vipande vyote. Kile kijitabu cha kwenye droo tulimpelekea mwanafunzi wa chuo aliyejua lugha ile, akatusomea. Ukurasa wa tatu, ndani ya kiboksi chenye mstari mnene, palikuwa pameandikwa kwamba bastola hii inaweza kufyatuka hata magazini ikiwa imetolewa.

Ukurasa wa tatu, wanangu. Sikufika hata wa kwanza.

Ilipita miezi minne kabla Afande Ndahani hajasema niko tayari kufundisha tena. Asubuhi hiyo walinzi wote walikusanyika uwanjani, wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa tuliyoazima. Niliweka bastola mbili mezani, moja ya kila aina, zote zimefunguliwa. Nilikuwa nimejiandaa usiku mzima. Lakini niliposimama niliona zile nyuso, zilezile nilizoziimbisha wimbo wangu. Nikasema, "Nilichowafundisha mwaka jana hakikuwa sahihi," kisha nikachukua kitambaa nikaanza kuifuta meza iliyokuwa safi. Watu wakaanza kutazama viatu vyao.

Hamisi alikuwa benchi la mbele, ameunyoosha mguu wake, gongo limelala mapajani. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi. Alikohoa kidogo.

"Karo ya somo hili nimeshalipa mimi," akasema. "Sasa endelea, mama, na usiruke kitu."

Nikaichukua bastola ya kwanza, nikaielekeza kwenye pipa, nikaanza.